Sikio baada ya ziwa: ulikaushe, ulizibe, ulitie matone au uende hospitali?

Kigoma maji yako mlangoni. Shuka Kibirizi, Ujiji, Katonga au Bangwe mwezi wowote utakaotaka, utakuta watoto wamo majini, kwa sababu Ziwa Tanganyika halina msimu wa baridi wa kumfukuza mtu: juu juu maji hubaki kwenye nyuzi 24 hadi 28 hivi mwaka mzima. Matokeo yake ni masikio yanayowasha, yanayoziba, na mengine yanayouma mpaka mtu halali. Na ushauri haukosekani. Bibi atasema mafuta ya mawese ya vuguvugu. Kijana wa duka la dawa atatoa vidonge vya rangi mbili. Mwenye kusoma soma atasema siki, na aliyetoka Dar es Salaam atasema nunua vizibo. Kila mmoja ana lake la maana, tatizo ni kwamba hawazungumzii sikio la aina moja wala muogeleaji wa aina moja.

Nimezipanga njia hizi kwa ajili ya mtu anayetaka kuchagua. Sehemu ya kwanza ni ya kukinga, ya pili ni ya kutibu. Lakini kabla ya zote mbili kuna swali la kujibu.

Ni sikio lipi linalouma?

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi, limepinda kidogo, na mwisho wake kuna kiwambo, ambacho wengi wetu tunakiita ngoma ya sikio. Sehemu ya nje ya njia hiyo imepakwa nta. Hiyo nta watu wanaiita uchafu, na hapo ndipo balaa linapoanzia, kwa maana kazi yake ni kuzuia maji yasiguse ngozi na kuifanya njia iwe na tindikali kidogo ambayo vimelea hawaipendi. Maji yakikaa humo muda mrefu, ngozi inalowa na kulegea kama vidole vya mfuaji nguo. Kisha inawasha. Mwenye sikio anachukua njiti ya kiberiti, kijiti cha pamba au ubua wa unyoya wa kuku, anajikuna, anapata raha ya dakika moja na mchubuko. Bakteria wanaingia hapo: wakorofi wakubwa ni Pseudomonas aeruginosa na Staphylococcus aureus. Kwenye joto na unyevu kama wetu fangasi nao hawako nyuma.

Watu wa hapa hupenda kusema kwamba ziwa letu ni safi, unaona mawe ya chini, kwa hiyo haliwezi kuumiza sikio. Ni kweli unaona mawe. Ila maji maangavu si maji yasiyo na bakteria, na isitoshe maji ya Tanganyika yana asili ya alkali, pH yake ikikaribia 9, kinyume kabisa na ile tindikali ndogo ambayo sikio linaitegemea.

Hilo ndilo sikio la muogeleaji: ugonjwa uko kwenye njia, nje ya kiwambo. Kuna ugonjwa mwingine ulio nyuma ya kiwambo, unaokuja baada ya mafua, mara nyingi kwa watoto wadogo, wenye homa na kulia usiku, na mwisho wake kiwambo kinaweza kupasuka na usaha kutoka. Kuutofautisha si kazi ngumu sana. Bonyeza kile kinundu kilicho mbele ya tundu, kisha vuta sikio kwa juu. Maumivu yakiongezeka, shuku njia ya nje, yaani maji. Kama ukivuta hakuna kinachobadilika, lakini mtoto ana mafua ya siku kadhaa na mwili unachemka, hilo si suala la ziwa hata kama jana alioga Kibirizi, na njia zilizopangwa hapa chini hazikuandikwa kwa ajili yake. Huyo apelekwe kituo cha afya.

Vipimo vya kulinganishia

Kila njia nimeiuliza mambo manne: inafanyaje kazi, inapatikana wapi hapa kwetu na inagharimu nini ukihesabu nyumba nzima, ikikosewa inaumiza kiasi gani, na inamfaa nani. Nyuma ya yote kuna mawili yanayoamua karibu kila kitu: je, kiwambo chako ni kizima? Na je, unaogelea juu juu au unazama?

La kiwambo watu huliruka. Kama sikio limewahi kutoa usaha kwa wiki, au uliwahi kupigwa kofi la sikio ukasikia mlio na damu kidogo, au ukipenga kamasi unasikia hewa ikipita sikioni, au ukitiwa dawa ya matone unaisikia ladha yake kooni, basi chukulia kwamba kuna tundu mpaka daktari aangalie na kusema hakuna.

## KUKINGA

### Kukausha tu

*Inavyofanya kazi.* Ukitoka majini, laza kichwa upande mmoja, shika sikio ulivute juu na nyuma ili njia inyooke, ngoja maji yatoke, kisha geukia upande wa pili. Pangusa kwa taulo au kanga kavu, mlangoni tu. Watoto hurukaruka kwa mguu mmoja huku wakijipiga kiganja upande wa kichwa, wengine hulaza sikio kwenye jiwe lililopigwa na jua. Kulaza kunatosha, kujipiga hakuongezi kitu. Mwenye draya ya nywele anaweza kuitumia ikiwa kwenye joto la chini kabisa, umbali wa sentimita 30 kutoka sikioni, kwa dakika chache.

*Upatikanaji na gharama.* Bure. Hata draya si lazima uinunue.

*Ikikosewa.* Kosa ni moja, kuingia ndani. Jioni moja ukitulia pale boti zinapopaki utaliona: mama anamvuta mtoto magotini, anaisokota pembe ya kanga mpaka inakuwa nyembamba na ngumu, halafu anaizungusha sikioni huku mtoto amekunja uso na bega limepanda juu. Ile pembe ikiishia mlangoni inanyonya maji vizuri. Ikisukumwa, inashindilia nta ndani na kuchubua ngozi iliyolegea, na hapo mama amefanya kazi ambayo ziwa lenyewe lilikuwa halijaifanya.

Ziwa hili lina mgonjwa maarufu wa kuchokoa. Mwaka 1858, John Hanning Speke, msafiri Mwingereza aliyefika hapa pamoja na mwenzake Richard Burton, alilala kisiwani usiku mmoja baada ya dhoruba, mbawakawa akamwingia sikioni. Alijaribu siagi iliyoyeyushwa, haikufua dafu. Akachukua kisu cha mfukoni. Mdudu alikufa, lakini sikio likajeruhiwa, uso ukavimba, usaha ukafuata, akawa hasikii upande huo kwa muda mrefu, na vipande vya mdudu vikaendelea kutoka miezi kadhaa baadaye. Mwenyewe aliandika kwamba kila akipenga kamasi sikio lilipiga mluzi mpaka waliokuwa karibu wakacheka. Kwa lugha ya leo, alitoboa kiwambo.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtu, na watoto wote. Hata ukichagua njia nyingine yoyote kati ya zinazofuata, hii inabaki chini yake. Upungufu wake ni kwamba kwa mtu mwenye njia nyembamba, au mwenye sikio linalorudi kuugua kila baada ya wiki chache, kukausha peke yake hakumalizi shida.

### Kuziba

*Inavyofanya kazi.* Maji yasiingie kabisa. Viko vizibo vya silikoni laini unavyofinyanga na kubandika juu ya mlango wa sikio, viko vya mpira vyenye ngazi ngazi vinavyoingia kidogo. Vile vya sponji vya rangi ya chungwa au njano wanavyovaa mafundi wa mashine ni vya kelele. Maji yanapita, na sponji iliyolowa inakaa sikioni ikiyatunza. Cha kienyeji ni pamba iliyopakwa mafuta ya mgando. Hiyo inatosha bafuni na wakati wa kuosha nywele, ila ziwani haidumu.

*Upatikanaji na gharama.* Pamba na mafuta ya mgando viko kila duka. Vizibo vya kuogelea ni vya kutafuta. Uliza maduka makubwa ya dawa na ya vifaa vya michezo mjini, la sivyo utaagiza kwa anayekuja na treni. Vya silikoni vinachoka, lazima vibadilishwe, na vinapotea. Mwenye watoto watano wanaopenda maji apige hesabu kabla hajaanza.

*Ikikosewa.* Hapa pana hatari ambayo wauzaji hawaitaji: kizibo hakizami na mtu. Shinikizo la maji huongezeka kwa kiasi cha angahewa moja kila unaposhuka mita 10 hivi, na wengi huanza kusikia sikio likibanwa hata kabla ya mita 3. Mzamiaji hubana pua na kupuliza taratibu ili hewa ya ndani ilingane na maji ya nje. Akiwa na kizibo, kuna hewa iliyofungiwa kati ya kizibo na kiwambo, na hiyo hawezi kuilinganisha na chochote. Maji yanasukuma kizibo ndani, yeye anapuliza kiwambo kije nje. Kiwambo kinaweza kupasuka, na kupasuka ukiwa chini ya maji huleta kizunguzungu kinachoweza kukuua kwa kukuzamisha. Mvulana anayeruka kutoka juu ya boti ahesabiwe kuwa mzamiaji.

Mengine ni madogo: kizibo kichafu kinaleta bakteria kilichonunuliwa kuwazuia, kigumu kinachubua, na mtoto mdogo anaweza kukimeza.

*Inamfaa nani.* Mtu mwenye kiwambo kilichotoboka ambaye daktari amemruhusu kuogelea juu juu. Mtu mzima anayeogelea mtindo wa kichwa juu au wa kwenda na kurudi karibu na ufukwe, na ambaye sikio lake limeshamsumbua vya kutosha. Mgonjwa aliye kwenye matibabu anayetaka kuoga bila kulowesha sikio (kwake pamba na mafuta ya mgando vinatosha).

### Matone ya siki na spiriti

*Inavyofanya kazi.* Changanya siki nyeupe na spiriti kwa kiasi sawa, kijiko kwa kijiko. Siki ya dukani huwa na asidi ya asetiki ya asilimia 4 au 5; ikishachanganywa inabaki nusu yake, karibu na asilimia 2 ya matone yanayotengenezwa viwandani kwa kazi hiihii. Spiriti inayakausha maji yaliyobaki, siki inairudishia njia tindikali yake. Baada ya kuogelea tia matone matatu hadi matano, laza kichwa kwa dakika moja au mbili, kisha geuza yamwagike. Usiyafungie kwa pamba.

*Upatikanaji na gharama.* Hii ndiyo inayonivutia kwa mazingira yetu. Siki iko dukani kwa ajili ya kachumbari, spiriti iko duka la dawa, na chupa moja ya kila kimoja inawahudumia waogeleaji wa nyumba nzima kwa miezi. Cha kutafuta kwa makini ni chupa yenye kidondoshi. Chupa tupu ya matone iliyooshwa vizuri kwa maji ya moto na kukaushwa inafaa. Uandike jina juu yake, na ikae mahali ambapo mtoto hafiki.

*Ikikosewa.* Mahali pa kukosea ni pengi kuliko inavyoonekana. Siki iwe ile isiyo na rangi ya kiwandani, siyo ya kugema nyumbani wala ya rangi ya kahawia. Spiriti iwe safi, ya kusafishia ngozi, ya asilimia 70, siyo ile ya rangi ya zambarau ya kuwashia majiko. Juu ya yote, kiwambo kiwe kizima: mchanganyiko huu ukipita kwenye tundu na kufika sikio la kati, utakuliza kwa maumivu, na unaweza kudhuru usikivu. Vilevile si dawa ya sikio ambalo tayari limechubuka au linauma. Kuchoma kidogo kwa sekunde chache ni kawaida. Kukichoma kwa nguvu, pindua kichwa yamwagike, na usirudie mpaka uangaliwe. Na usiyafanye kuwa desturi ya kila siku hata siku usizoogelea, kwani ngozi iliyokauka kupita kiasi nayo inawasha, na kuwasha unajua kunakokupeleka.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima au kijana mwenye sikio zima anayeingia majini karibu kila siku: mwanafunzi wa pwani, mvuvi, mzamiaji wa samaki wa mapambo, mtu anayefanyia mazoezi yake ziwani. Mtoto mdogo asitiwe kabla mhudumu wa afya hajamwangalia sikio.

Kuna kinga moja ambayo haihitaji kichwa chake cha habari. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua kubwa ikishanyesha, kila kilichokuwa mitaroni kinashuka ziwani. Siku hiyo na inayofuata, maji ya karibu na midomo ya mito na mifereji yaachwe, na si kwa ajili ya sikio tu, tumbo nalo litashukuru.

## KUTIBU

Hapa sikio limeshauma. Siki na spiriti vimekwisha kazi yake, kizibo kiwekwe kando, na kwa njia zote tatu zinazofuata sharti ni moja: sikio lisiguse maji tena mpaka lipone.

### Kulitunza nyumbani

*Inavyofanya kazi.* Kama ni kuwasha na kuziba tu, hakuna usaha, na maumivu ni ya kugusa, mara nyingi kulikausha na kuliacha kunatosha. Parasetamoli au ibuprofen hupunguza maumivu. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto, kikakamuliwa na kuwekwa *nje* ya sikio, kinatuliza.

*Upatikanaji na gharama.* Karibu bure.

*Ikikosewa.* Nyumbani kwetu "kulitunza" mara nyingi maana yake ni kulitilia vitu. Mafuta ya mawese yaliyopashwa, maji ya kitunguu saumu, maziwa ya mama, majani yaliyokamuliwa, na kuna wanaotia mkojo. Sitaki kuwacheka wazee. Joto la mafuta linatuliza kweli, na ndiyo sababu dawa hiyo imedumu. Lakini sikio la muogeleaji linaugua kwa sababu ya unyevu, na mafuta yanaufungia unyevu ndani. Kitunguu saumu kibichi kinaunguza ngozi. Maziwa ni chakula cha bakteria. Mafuta yaliyopashwa bila kupimwa yameunguza masikio ya watoto.

Mafuta yana kazi moja halali, ile ambayo Speke aliikaribia kwa siagi yake: mdudu akiingia akiwa hai na kiwambo ni kizima, matone ya mafuta ya kupikia ya vuguvugu yanamuua asiendelee kukwaruza. Kumtoa ni kazi ya mhudumu.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima mwenye afya, dalili ndogo, siku moja au mbili. Zikipita na hali haijaelekea kupona, hama njia.

### Duka la dawa

*Inavyofanya kazi.* Kwa sikio la muogeleaji lisilo na matatizo mengine, dawa ya kwanza ni ya matone, si ya kumeza. Ukiingia dukani ukasema "sikio linauma" tu, kuna uwezekano mkubwa utoke na amoxicillin. Amoxicillin ina heshima yake kwa mtoto mwenye ugonjwa wa nyuma ya kiwambo, lakini Pseudomonas haimuui. Utameza siku tano, utaharisha, na sikio litakuwa palepale. Matone yanafikisha dawa mahali penyewe kwa nguvu ambayo kidonge hakiwezi kuifikisha.

Matone nayo hayafanani. Ya ciprofloxacin yanampiga Pseudomonas, na yana usalama zaidi hata kama kiwambo kina tundu. Ya gentamicin au neomycin yanafanya kazi, lakini yakipenya kwenye kiwambo kilichotoboka yanaweza kudhuru usikivu usirudi tena. Ya clotrimazole ni ya fangasi. Ukiona sikio linawasha kuliko linavyouma, limejaa kitu cheupe au cheusi cha unga unga, na matone ya bakteria yameshindwa, wazo liende huko. Usishangae ukipewa chupa iliyoandikwa ya macho: ya macho yanaweza kutiwa sikioni, ila ya sikio usiyatie jichoni kamwe.

Namna ya kuyatia ina uzito sawa na jina la dawa. Ishike chupa kiganjani dakika chache ipate joto, kwa sababu tone baridi linaleta kizunguzungu. Lala ubavu. Mtu mzima avutwe sikio juu na nyuma. Mtoto wa chini ya miaka mitatu, chini na nyuma. Tia matone, bonyeza bonyeza kile kinundu ili yashuke, kaa hivyo dakika tatu hadi tano. Maliza siku ulizoandikiwa, kwa kawaida kama wiki.

*Upatikanaji na gharama.* Mjini, Mwanga na sokoni, maduka yapo. Vijijini kuna duka la dawa muhimu, ila si kila siku utakuta matone unayoyataka. Kwa kawaida antibayotiki ni dawa za kuandikiwa, na ni afadhali iwe hivyo. Chupa ni ya bei ya wastani. Utajiri wa duka la dawa ni kwamba halina foleni.

*Ikikosewa.* Muuzaji hana kifaa cha kuona ndani. Hajui kama kiwambo ni kizima, hajui kama njia imejaa uchafu kiasi kwamba matone hayafiki popote. Anatibu maelezo yako.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima mwenye dalili za wazi za njia ya nje, asiyewahi kutokwa usaha, ambaye alishawahi kuangaliwa na anajua sikio lake. Maumivu yanatakiwa yaanze kupungua ndani ya siku mbili hadi tatu za matone. Yasipopungua, kununua chupa ya pili ni kupoteza hela.

### Zahanati, kituo cha afya, hospitali

*Inavyofanya kazi.* Mhudumu anaangalia ndani kwa otoskopu, ile taa ndogo yenye mdomo mwembamba. Hilo tu linajibu swali la kiwambo ambalo limetusumbua tangu juu. Kisha anaweza kunyonya au kufuta uchafu ili dawa ifike, na kama njia imevimba mpaka imefunga, anaweka utambi mdogo unaopitisha matone kuelekea ndani. Hakuna duka linalokufanyia hayo.

*Upatikanaji na gharama.* Mjini ni rahisi, na ikihitajika rufaa kuna Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Gharama kubwa ni muda, na kwa asiye na bima, ada juu ya dawa. Kwa wa Mwamgongo, Kagunga au kule kusini Buhingu na Kalya, hesabu ni nyingine kabisa: boti, ziwa likikubali, kulala mjini, kurudi. Zahanati ya kijiji ianze.

*Ikikosewa.* Kosa la kawaida hapa ni la mgonjwa: amepewa siku saba, siku ya tatu maumivu yameisha, siku ya nne yuko majini.

*Inamfaa nani.* Mtoto yeyote mdogo mwenye sikio linalouma. Aliyewahi kutoboka kiwambo. Anayetokwa usaha. Aliyeshindwa na matone. Na watu wawili ambao hawatakiwi kupitia dukani hata kwa bahati mbaya: mwenye kisukari, na mwenye kinga ya mwili iliyoshuka. Kwao ugonjwa huu mdogo unaweza kuingia mpaka mfupa wa chini ya fuvu, na dalili yake ni maumivu makali ya usiku yasiyolingana na kinachoonekana nje.

## UKIWA KWENYE HALI HII…

Mtoto wako anashinda ufukweni, hajawahi kuugua sikio. Mfundishe kukausha, ondoa vijiti vya pamba nyumbani, basi. Usimnunulie kitu.

Unaogelea karibu kila siku na kila baada ya muda sikio linarudi kuwasha. Nenda uangaliwe mara moja ujue kiwambo ni kizima. Kikiwa kizima, chagua kati ya matone ya siki na vizibo kwa mtindo wako: anayezama achukue matone, anayebaki juu anaweza kuchukua chochote kati ya viwili, na mwenye ngozi kavu inayochubuka haraka ataelewana zaidi na vizibo.

Sikio lako liliwahi kutoa usaha miaka ya nyuma. Hakuna siki, hakuna spiriti, hakuna gentamicin ya kujinunulia. Kizibo cha silikoni na kuogelea juu juu, baada ya ruhusa. Maji yakiingia kwa bahati mbaya, kausha kwa kipande cha kitambaa safi kilichosokotwa, mlangoni, ubadilishe kila kinapolowa.

Unazama, kwa nyavu au kwa samaki. Hakuna kizibo. Linganisha hewa mapema, kabla sikio halijauma, likigoma, panda. Ukiwa na mafua pumzika, maana njia ya hewa iendayo sikioni imeziba na kupuliza kwa nguvu ndiko kunakopasua.

Limeanza kuuma leo jioni na wewe ni mzima wa kawaida: parasetamoli, kavu, usiku upite. Kesho likiwa linauma ukilivuta, tafuta matone. Keshokutwa kuna usaha au masikio yamepungua kusikia, nenda kituo.

Uko mbali, boti ni ya kesho kutwa. Zahanati ya kijiji kwanza, kavu wakati wote. Lakini kuna dalili ambazo hazisubiri ratiba: uvimbe unaouma nyuma ya sikio huku sikio likisukumwa mbele, uso kulegea upande mmoja, kizunguzungu cha kuangusha, homa kali, shingo kukakamaa. Hapo boti inatafutwa usiku huohuo.

Na la kurudi majini, ambalo kila mtu huuliza siku ya pili ya dawa: kwa kawaida ni siku 7 hadi 10. Anayeogelea mashindano au anayekula kwa kuogelea anaweza kuruhusiwa mapema, siku mbili tatu baada ya maumivu kwisha, juu juu tu na akiwa na vizibo vinavyokaa vizuri. Mzamiaji asubiri mpaka mhudumu aangalie tena ndani.